Tupa Haina Toba

Mjukuu wangu, nakuomba uiache hiyo bunduki kama ulivyoikuta.

Najua una hamu. Umepata Winchester kuukuu kwenye duka la rehani, au mzee jirani yako amefariki na wanawe wakakuuzia ile Parker yake ya mitutu miwili kwa bei ya kukuonea huruma. Umeifikisha nyumbani, umeilaza mezani, na tayari umeanza kuona kasoro. Kitako kirefu. Rangi imepauka. Mdomo umebana mno kwa ndege wa karibu. Na ndani ya sanduku lako la vifaa kuna tupa, kuna msasa, na kuna chupa ya dawa ya kupaka chuma uliyoinunua kwa dola chache.

Weka tupa chini kwanza. Nisikilize mimi babu yako, halafu utaamua.

Nimekaa kwenye meza ya fundi bunduki huku Marekani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Ninyi vijana wetu mliokulia Ohio, Minnesota na Texas, mkajifunza kuwinda bata na kwale pamoja na wenyeji, mnanifurahisha. Hamna dharau kwa vitu vya kale. Mnachokosa ni subira, na mimi nimeona haraka inakompeleka mtu mwenye bunduki ya miaka 100 mkononi. Inampeleka kwenye meza ya mnada, akisubiri bei ambayo haitatajwa.

Mkusanyaji wa bunduki za kale hanunui chuma. Chuma kipo tele. Ananunua kile ambacho kiwanda kilikiacha na mikono ya watu haijakigusa. Ndiyo maana ukimpa bunduki yako haanzi kwa kuielekeza dirishani kama wafanyavyo watoto. Anavaa miwani na kutazama skurubu. Akikuta vichwa vyake vimetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake, amekwisha kujua kuna mtu aliyeifungua bila adabu, na bei imeanza kushuka kabla hujamaliza kuisifia.

Kisha anakadiria ni asilimia ngapi ya rangi ya kiwandani iliyobaki. Tisini. Sitini. Kumi. Bei za bunduki za kale huku hutajwa kwa hesabu hiyo. Na hapo ndipo wengi wenu mnapopotea, maana mnajiambia: imebaki 30, nikiipaka upya itakuwa 100.

Hapana, mwanangu. Ukiipaka upya imekuwa sifuri. Hesabu ni ya rangi ya kiwandani, na wewe umeimaliza yote kwa mchana mmoja. Kuipaka upya bunduki ya kale ni sawa na kunipaka mimi piko ndevuni kisha ukawaambia watu nina miaka 20. Watanitazama magoti.

Kutu hula polepole, fundi hula mara moja. Lishike hilo.

Tena si rangi peke yake inayoondoka. Kabla ya kupaka ni lazima asugue, na gurudumu la kung'arishia halijui kona. Kingo zilizochongwa kwa mkono zinalainika. Jina la kiwanda linafifia, nakshi za maua na mbwa wa kuwindia zinabaki nusunusu, matundu ya skurubu yanabonyea. Mtu asiyejua ataiona bunduki inayometameta. Anayejua ataona kila mahali gurudumu lilipopita, na hatakwambia. Atakurudishia tu, aseme ahsante, aende meza ya pili.

Na kama ni ya mitutu miwili, hofu yangu ni kubwa zaidi. Mitutu hiyo imeshikanishwa, pamoja na utepe wa chuma unaokaa katikati, kwa lehemu laini. Wapakaji wengi wa siku hizi wanachovya chuma katika chumvi kali inayochemka. Dawa hiyo inaila lehemu. Utepe unalegea, na chumvi iliyojipenyeza katikati inabaki humo ikizaa kutu mahali ambapo jicho lako wala kitambaa chako havifiki. Mafundi wa zamani hawakufanya hivyo. Walipaka dawa ya kuotesha kutu laini, wakachemsha kwa maji, wakafuta, wakarudia tena na tena mpaka weusi ule wa buluu ukatulia. Ni kazi ya siku nyingi. Anayekwambia ataimaliza Ijumaa, usimwachie bunduki yako.

Ule mwili wa chuma unaobeba mitutu nao ulikuwa na rangi zake, za mawimbi ya buluu na kahawia na zambarau. Waliuzika ndani ya mkaa wa mifupa na mkaa wa miti, wakauchoma, wakautumbukiza majini. Rangi hizo hufa kwa jua na kwa viganja vya mikono, na zikifa huacha kijivu cha fedha. Usikionee aibu kijivu hicho. Kilipatikana kwa kubebwa. Kuna mtu alitoka nayo alfajiri miaka 40 mfululizo mpaka ikawa hivyo.

Mkwaruzo wa mzee ni hati, mng'aro wa kijana ni deni.

Nakwambia haya kwa sababu najua hesabu za Parker. Ilikuwa ikitengenezwa Meriden, Connecticut. Remington waliinunua mwaka 1934, na kufikia 1942 kazi ilikuwa imekwisha, namba zikiwa zimekomea juu kidogo ya 242,000. Zile zilizokuja kutengenezwa Japani miaka ya 1980 ni nzuri, sizitukani, lakini ni nakala na soko linajua hivyo. Basi ile ya kwako ikiharibika, hakuna mlango wa kiwanda wa kwenda kubisha.

Haya, kitako. Wengi wenu mnaanzia hapo kwa sababu mti unakatika kirahisi na msumeno kila mtu anao. Bega linakuuma, unataka kuweka mpira. Parker nyingi zilikuwa na bamba gumu jeusi mwisho wa kitako, lenye kichwa cha mbwa. Unalifungua, unakata inchi moja ya mti ili mpira upate nafasi, bamba unalitupa ndani ya droo na mwakani hulioni tena. Mpira huo utapasuka baada ya miaka michache, utanunua mwingine dukani. Ile inchi ya mti utainunua duka gani?

Kuna vifuko vya ngozi vyenye sponji ndani, unakivalisha kitako kama bunduki inakupiga. Ukimaliza kuwinda unakivua. Na kama mikono yako ni mifupi kweli na huwezi kukifikia kifyatulio vizuri, tafuta kitako cha pili, kikatwe hicho, na kile cha asili ukifunge kwenye kitambaa kikavu ukiweke kabatini. Ni gharama, najua. Lipa gharama hiyo, nakuomba.

Sasa mtutu. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona watu wazima wakinyamaza mbele yangu.

Chukua Winchester Model 12. Ilianza mwaka 1912 kwa geji 20 peke yake, za geji 12 na 16 zikafuata, na mpaka walipoacha kuitengeneza kama bunduki ya kawaida miaka ya 1960 mwanzoni zilikuwa zimetoka karibu milioni 2. Kwa wingi huo kila mtu alidhani yake si kitu. Wapiga sahani za udongo wakataka bunduki moja ifanye kazi zote. Wakaletewa kifaa cha Cutts, kilichobuniwa na ofisa wa kikosi cha Marines, Richard Cutts: domo nene lenye mianya ya kutolea moshi, na mirija ya kubadilisha mbele yake. Wakaletewa na Poly-Choke, ile unayoizungusha kwa vidole ili mdomo ubane au ufunguke. Ili kuviweka, mtutu ulikatwa kwanza. Ukakatwa tu, kwa moyo mweupe, na watu walioipenda bunduki yao.

Watu wale hawakuwa wajinga. Bunduki ilikuwa jembe lao. Lakini nenda leo kwenye maduka ya silaha za mtumba uone Model 12 hizo zimepangwa wapi. Zimepangwa na zile za bei ya chini, zinangoja mwindaji atakayeziburuza matopeni, na mkusanyaji anazipita bila kupunguza mwendo. Zipo chache zilizotoka kiwandani zikiwa na Cutts, hizo ni habari nyingine, na kazi ya kuthibitisha hivyo itakuwa juu yako. Kinachoniuma ni zile za geji 28. Zilianza kutolewa mwaka 1934, hazikuwa nyingi, na leo watu wanazitafuta kwa fedha ambazo ungenunulia gari. Moja ya hizo ikikatwa mdomo, mwenyewe anabaki na bunduki nzuri ya kupigia sahani. Gari limeondoka.

Elewa jinsi mdomo ulivyo. Mafundi waliubana kidogo tu kule mwisho, ile inayoitwa choki, na hata ile kali kabisa katika geji 12 ni kama milimita 1. Milimita hiyo ndiyo inayoyakusanya marisau yasitawanyike. Inakaa kwenye inchi chache za mwisho. Ukikata inchi mbili au tatu ili bunduki iwe nyepesi vichakani, umetupa choki yote kwenye takataka za karakana, na bunduki itamwaga marisau ovyo. Thamani imeondoka, na bata nao wameondoka.

Na wapo waliotanua mdomo kwa sababu ya sheria. Mwaka 1991 Marekani ilikamilisha kukataza marisau ya madini ya risasi kwa ndege wote wa majini, maana bata walikuwa wakiyameza chini ya mabwawa na kufa kwa sumu. Sheria njema. Lakini marisau ya chuma hayabonyei, na yakilazimishwa kupita kwenye mdomo uliobanwa wa mtutu wa kale yanaweza kuuvimbisha. Basi watu wakakimbilia kutanua, wakakimbilia kutia mirija ya skurubu kwenye mitutu ambayo kuta zake hazikukusudiwa kubeba hesi. Mwanangu, yapo marisau ya bismathi. Ni laini, sheria inayaruhusu, na mtutu wako hauyaogopi. Sanduku lake ni ghali, najua utanung'unika dukani. Nung'unika, kisha lipa. Ni nafuu kuliko mtutu.

Weka tupa chini, nasema tena, maana bado sijafika kwenye jambo linalonitia woga.

Chemba. Pale risasi inapolala.

Zamani vipimo havikuwa hivi vya leo. Model 12 za mwanzo za geji 20 zilikuwa na chemba ya inchi 2½, za geji 16 inchi 2 na 9/16. Browning Auto-5 za geji 16 zilizotoka Ubelgiji kabla ya Vita vya Pili nazo zilikuwa fupi hivyohivyo. Risasi ya kawaida leo ni inchi 2¾. Na mtego wenyewe ni huu: inaingia. Inaingia vizuri, bunduki inafunga, unajisikia uko salama. Kumbe ganda la risasi hufunguka mbele linapopigwa, na chemba ikiwa fupi halina pa kufungukia, linabana njia, msukumo wa moto unapanda.

Mwenye bunduki akisikia hivyo anakwenda kununua kekee ya kurefusha chemba. Anatoa chuma mahali ambapo moto ni mkali kuliko mahali pengine pote kwenye mtutu. Wakati mwingine unene unatosha. Wakati mwingine hautoshi, na hakupima kabla, na mkono wake wa kushoto unakaa palepale kila anapofyatua.

Kwa bunduki za Kiingereza jambo hili lina mashahidi. London walipata hati ya mfalme ya kupima mitutu mwaka 1637, Birmingham wakawa na nyumba yao ya upimaji mwaka 1813. Kila mtutu unapigwa kwa baruti iliyozidishwa, ukisalimika unagongwa mihuri, pamoja na kipimo cha upana wake. Ukija wewe na kekee yako ukapanua ndani au ukarefusha chemba, mihuri ile inashuhudia bunduki ambayo haipo tena. Huko Uingereza hairuhusiwi kuuzwa mpaka ipimwe upya, na kwenye kupimwa upya mitutu mikuukuu hupasuka. Unaweza kupeleka Purdey ukarudishiwa mabaki. Purdey, mjukuu wangu! Nyumba iliyoanza mwaka 1814, ambayo bunduki zake watu huziagiza na kuzingoja miaka.

Kama mitutu yako ina michirizi kama ya mti, ile tuliyozoea kuiita ya Dameski, iliyosokotwa kwa vipande vya chuma na feleji, usiipige kwa risasi za leo hata kidogo kabla fundi anayeijua hajaipima ukuta wote, mwanzo mpaka mwisho. Na usimruhusu mtu ailainishe ndani ili "isafike". Kila unywele anaoutoa ni ukuta.

Risasi fupi zinatengenezwa hadi leo. Agiza hizo. Bunduki hulishwa ilichozoea.

Juu ya sheria nitasema kidogo, mimi si wakili. Tangu mwaka 1934 mtutu wa shotgani ukikatwa ukawa chini ya inchi 18, bila kibali na kuandikishwa na serikali kuu, ni kosa ambalo kifungo chake kinafika miaka 10. Na wewe ambaye karatasi zako za uhamiaji bado ziko njiani, nakusihi kwa machozi, usiusogelee mstari huo hata kwa mzaha.

Sasa utaniambia: babu, lakini bunduki ni yangu.

Ni yako. Nani amekataa? Nimewahi kuambiwa hivyo na kijana aliyekuja na L.C. Smith aliyoirithi mke wake kwa babu yake. (Huyo L.C. Smith ndiye yule aliyekuja kutengeneza mashine za kupiga chapa, mkono wake ulikuwa na bahati mara mbili.) Kitako kilikuwa na ufa mdogo nyuma ya mtambo, ugonjwa wa kawaida wa bunduki hizo. Ufa ungezibwa ukatulia. Yeye alikuwa amekwisha kukichonga chote upya, akaondoa miraba ya kushikia, akakipaka vanishi nzito ya kabati la vyombo. Alitaka nimwambie itauzwa kiasi gani, kwa sababu mtoto anaingia chuo. Nilimwambia ukweli. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni, ameusikia.

Ni yako, ndiyo. Lakini ilikuwa ya mtu kabla yako, na itakuwa ya mtu baada yako, na kati ya watu wote hao ni wewe unayetaka kuikata.

Niangalie usoni nikutajie moja ya kwetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ameondoka ikulu wiki chache tu, aliteremka Mombasa na msafara wake wa kukusanyia makumbusho ya Smithsonian wanyama. Alipanda reli, akazunguka Kenya, akapita Uganda na Kongo, akatokea Khartoum Machi mwaka uliofuata. Ndani ya mizigo ile, iliyobebwa na wapagazi waliokuwa wakiongea lugha hii tunayoongea mimi na wewe, ilikuwamo shotgani ya mitutu miwili ya A. H. Fox wa Philadelphia, zawadi ya Ansley Fox mwenyewe, imechorwa jina la mheshimiwa. Mwaka 2010 iliuzwa mnadani huko Maine kwa dola 862,500.

Utasema ni jina. Kweli, jina lilinunua sehemu kubwa, na ya kwako haina Roosevelt. Lakini fikiri kama mmoja wa walioimiliki katika miaka ile 100 angeamua mchoro umezeeka, akaupitisha kwenye gurudumu ili ung'ae. Jina lingekuwa limeandikwa wapi?

Tupa haina toba, mwanangu. Ndiyo maana nang'ang'ana hivi.

Simaanishi uitundike ukutani usiiguse. Bunduki ilitengenezwa ipigwe, na mimi nazipenda zinazokwenda porini. Tumia akili ya kurudi nyuma: usifanye leo jambo ambalo huwezi kulitengua kesho. Ukiwa na Auto-5 ya Kibelgiji na unataka kupiga marisau ya chuma, huna haja ya kumgusa Mbelgiji. Tafuta mtutu wa Kijapani wa namna hiyohiyo, wenye mirija ya kubadilisha, fundi akauangalie unavyokaa. Utautumia huo bwawani, na ule wa Ubelgiji utabaki na mafuta yake kabatini. Hapo umeshinda pande zote.

Kuitunza pia si kuibadilisha. Kutu mpya ifute kwa mafuta na kitambaa, usiifute kwa msasa. Usiijaze mafuta mpaka yachuruzike kwenye mti. Vitako vingi vilivyolainika na kuwa vyeusi karibu na chuma vilinyweshwa mafuta na watu wenye mapenzi mengi. Isimamishe mdomo ukiwa chini, mafuta yashuke upande huo. Kitu kilichovunjika na kinachohatarisha mtu, kitengenezwe, na risiti ya fundi uihifadhi.

Na kama mkono unakuwasha kweli, kama huna raha mpaka ukate kitu, nunua iliyokwisha kuharibiwa. Zimejaa. Model 12 yenye Poly-Choke na kitako kilichokatwa itakupa msumeno wako wote na hakuna atakayelia. Jifunzie hapo. Paka, kwangua, chonga, furahi. Ila ile nzima iache nzima.

Jambo jingine ni la heshima yako. Utakapoiuza iliyobadilishwa, iwe na wewe au na aliyekutangulia, sema. Kuna watu wanachukua Winchester 97 ya kawaida, wanakata mtutu na kuvalisha ngao ya chuma yenye matundu, wanaiuza kama ya mahandaki ya Vita vya Kwanza. Za kweli zina bei kubwa, ndiyo maana za uongo haziishi. Wanunuzi wa vitu hivi ni wachache na wanapigiana simu. Jina lako likishapita kwenye simu hizo, hata ukileta ya halali wataipindua mara nne.

Basi kabla hujafanya lolote, fanya hili. Hakikisha kwanza haina risasi, uhakikishe tena. Piga picha kila upande, pamoja na kila skurubu na kila muhuri. Itazame midomo ya mitutu miwili: kwa kawaida hugusana kule mbele. Ukikuta pengo katikati, au limezibwa kwa donge la lehemu, mtu alikwisha kukata zamani, na wewe uliyelipia nzima umepewa pungufu. Kisha omba barua. Kwa Parker, chama cha wakusanyaji wake kinatoa barua kutoka vitabu vya kiwanda kwa bunduki ambazo kumbukumbu zake zimesalia. Vitabu vya L.C. Smith viko kwenye makumbusho ya Cody, Wyoming. Purdey bado wanatunza vya kwao. Barua itakueleza mitutu ilitoka na urefu gani, na pengine kitako pia kilikuwa na kipimo gani.

Ikikufikia, ifunge bunduki tupu, teremsha ufito wa mti ndani ya mtutu mpaka ugote, weka alama mdomoni, upime. Kisha pima kitako kutoka kifyatulio cha mbele hadi mwisho. Vipimo vikilingana na barua, nipigie simu kabla hujamwambia mtu mwingine.